Daftari la Kubadilishana Zamu

Barua ya kwanza ya kuacha kazi niliikuta ndani ya faili la mgonjwa. Sista aliyeiandika alikuwa ameipachika katikati, nyuma ya karatasi ya uzito na presha, kama mtu anayeficha noti kwenye Biblia. Nilisoma mistari miwili, nikainua macho na kumtazama kupitia kioo. Alikuwa ameinamia mkono wa mzee mmoja mkulima, anapapasa mshipa, huku anamtania kwamba ameuza mahindi yake wiki moja kabla bei haijapanda. Hapakuwa na mtu aliyejua kumdunga mzee yule kama yeye. Chini ya barua aliambatisha risiti ya mshahara wa mwezi mmoja aliourudisha badala ya kutoa notisi. Maana yake alikuwa ameshaweka akiba ya kuondokea, nami nilikuwa sijui lolote.

Hiyo ilikuwa katikati ya mwaka 2018. Nilikuwa na mwaka na miezi kadhaa tangu nifanywe inchaji wa kitengo cha kusafisha damu (dialisisi) katika hospitali ya rufaa ambayo sitaitaja, kwenye mji mmoja wa nyanda za juu ambako Juni na Julai hata mashine huchelewa kupasha maji. Kufikia mwisho wa 2019, kati ya wauguzi tisa waliofundishwa kazi ya figo, sita walikuwa wameshaondoka. Siku hizi wenzangu wanaofungua vitengo vipya hunipigia kuniuliza siri ya kuwabakiza watu. Siri sina. Nina makosa, na nina daftari moja la kaunta lenye jalada jekundu.

Kwa asiyeijua kazi yenyewe, nieleze kidogo. Mgonjwa ambaye figo zake zimeshindwa kabisa anatakiwa aje mara tatu kwa wiki, na kila akija hukaa saa nne kwenye mashine. Damu hutoka kwa sindano moja, hupita kwenye kichujio, hurudi mwilini kwa sindano ya pili. Upande wa pili wa kichujio hupita maji yaliyochanganywa na chumvi zake maalumu, nusu lita kila dakika. Piga hesabu: lita 120 kwa kikao kimoja cha mtu mmoja. Maji hayo yakipita na klorini bila kuchujwa, chembe nyekundu za damu hupasuka mgonjwa akiwa amelala pale pale anazungumza na wewe. Ndiyo maana kila alfajiri lazima mtu apime maji kabla ya kiti cha kwanza kukaliwa. Muuguzi mwenye wagonjwa wanne ana presha nne za kuangalia na kengele nne zinazolia kwa zamu. Akikadiria vibaya kiasi cha maji ya kumtoa mtu mwilini, mtu anazimia. Na sindano zenyewe ni nene kama zile za kuchangia damu. Zinaingia kwenye fistula ya mkononi, mshipa uliounganishwa na ateri kwa upasuaji ili unenepe. Ukiuchezea mshipa huo mara tatu nne kwa mkono usiotulia, umemrudisha mgonjwa kwenye mrija wa shingoni. Kwa nilivyoona, muuguzi mzuri wa wodi huhitaji miezi mitatu kuizoea mashine, na karibu mwaka mzima ndipo mkono wake utulie.

Kwa hiyo akiondoka mmoja, hesabu yake si mtu mmoja pungufu kwenye ratiba. Ni mwaka mmoja pungufu.

Na wakati ule soko lilikuwa limefunguka. Miaka ya nyuma waliokuwa na uwezo wa kupandikizwa figo walikwenda India. Novemba 2017 Muhimbili ikafanya upandikizaji wa kwanza wa figo nchini, mwaka uliofuata Hospitali ya Benjamin Mkapa pale Dodoma nayo ikaanza, na katika miaka hiyo hiyo mashine za dialisisi zikawa zinasambaa mikoani, za serikali na za watu binafsi. Tulishangilia, na tulikuwa na haki ya kushangilia. Lakini sikumsikia mtu akiuliza kwamba kila chumba kipya chenye mashine tano kitapata wapi mikono ya kuziendesha. Mikono iliyokwisha kufundishwa ilikuwa kwetu.

Barua ya tatu ilipofika, tuliitwa kikao. Kauli iliyotawala meza ilikuwa "wanafuata pesa". Ni kauli tamu kwa kiongozi yeyote, kwa sababu mshahara hupangwa mbali, na ukishasema pesa, huna tena la kujibu wewe mwenyewe. Dawa iliyopendekezwa ikawa mkataba: atakayepelekwa masomoni asaini kutumikia miaka mitatu, akiondoka kabla alipe gharama. Niliunga mkono kwa sauti. Baadaye nikaja kuona mkataba unavyofanya kazi. Dada mmoja aliyeusaini alibandika kikaratasi chenye tarehe ndani ya mlango wa kabati lake la nguo za kazi. Nilidhani ni tarehe ya harusi. Ilikuwa tarehe ambayo mkataba wake unaisha, na siku hiyo hiyo alikabidhi funguo. Miaka mitatu tulikuwa na mikono yake, sikatai, na wagonjwa walipata vikao vyao. Ila hakuwahi kumfundisha mtu mwingine chochote zaidi ya alichoombwa, na sikuweza kumlaumu.

Kosa langu kubwa zaidi lilikuwa jingine. Ilipatikana nafasi moja ya mafunzo ya miezi mitatu Dar es Salaam. Kitengoni kulikuwa na kijana mwepesi wa kuelewa kuliko sisi sote. Mashine ikilia alikuwa anajua ni shinikizo la upande gani kabla hajaitazama. Nikamwacha. Nikampeleka mama mmoja mtulivu, mwenye nyumba yake mjini na shamba lake la parachichi, kwa hesabu kwamba huyu hana pa kwenda. Nilijiona nina busara sana. Mama akaenda, akarudi, akafanya kazi yake vizuri kwa miaka miwili, akastaafu. Yule kijana hakulalamika hata siku moja. Miezi minne baada ya mafunzo yale akaleta barua, na wakati ananiaga alisema maneno matatu tu: "Inchaji, ulikuwa unaniogopa."

Nilikasirika kwanza. Nilihitaji wiki kadhaa kukubali kwamba alikuwa ametaja jambo lenyewe. Nilimnyima elimu asije akaondoka, na kwa kumnyima ndipo akaondoka, tena akiwa na kinyongo.

Sasa daftari. Kila kitengo chenye zamu huwa nalo kwa namna moja au nyingine. Letu lilikuwa na safu tano zilizopigwa kwa rula: tarehe, anayeomba, anayekubali kumshikia, sababu, sahihi ya inchaji. Mwanzoni mwa 2020 ofisi ya bima iliuliza maswali kuhusu vikao vya Alhamisi moja ya miaka miwili nyuma, na nilitakiwa kuthibitisha nani alikuwa zamu. Nikalitoa daftari kabatini, nikaanza kurudi nyuma ukurasa kwa ukurasa. Nilichokuwa nakitafuta nilikipata kwa dakika tano. Nikaendelea kusoma mpaka chai ikapoa.

Majina ya wale sita yalikuwa yamejaa kwenye kurasa za mwanzo. Kliniki ya mtoto. Msiba wa baba mdogo, Njombe. Mtihani wa chuo huria. Mahari ya mdogo wangu. Kliniki ya mtoto tena. Na kwenye safu ya mwisho, kwa kalamu nyekundu, mwandiko wangu: haiwezekani, upungufu wa watumishi, subiri mwezi ujao, haiwezekani. Kisha, kwa kila mmoja wao, jina linapotea. Yule sista wa barua ya kwanza aliomba mara ya mwisho Oktoba 2017, kwa ajili ya mahafali ya chekechea ya binti yake. Baada ya hapo hakuna ombi lake hata moja hadi siku ya barua. Miezi minane. Na katika miezi hiyo minane, kwenye fomu yake ya OPRAS, ile ya kupima utendaji wa mtumishi, mimi mwenyewe niliandika kwa kumsifu: "hana usumbufu".

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba nimekuwa nikisoma ishara kinyume. Niliwaona waombaji wa kila wiki kuwa ndio wasumbufu watakaonikimbia, na walionyamaza kuwa ndio waliotulia. Kumbe anayekuja kukugongea mlango kila Ijumaa anajaribu kuyapanga maisha yake kuizunguka kazi hii. Anayeacha kuomba ameshaanza kuyapanga kwingine. Si kila mara, nisiseme uongo. Tunaye kaka mmoja hajaomba kubadilishana tangu aajiriwe, na yupo, na ana raha zake, ndivyo alivyo. Lakini tangu siku ile, mtu aliyekuwa anaomba akikaa miezi miwili haombi, namfuata.

Walikuwa wamebaki watatu wa zamani, pamoja na wapya wanne tuliokuwa tukiwafundisha kwa shida. Niliongea nao mmoja mmoja, si ofisini. Ofisini mtu hukaa wima na kusema "hakuna tatizo". Nilikaa nao kwenye chai ya saa nne, nje, kwenye benchi la ndugu wa wagonjwa, na swali langu lilikuwa moja: kitu gani kitakuondoa hapa? Nilitegemea kusikia mshahara kwanza. Uliingia, ndiyo, lakini kwa wote watatu uliingia wa tatu au wa nne.

Cha kwanza kilikuwa njia ya kurudi nyumbani. Tulikuwa tukianza kundi la kwanza la wagonjwa saa moja na nusu asubuhi. Makundi matatu ya saa nne nne, na muda wa kusafisha mashine na kubadilisha mirija katikati, unamaliza saa tatu na nusu usiku, unafunga mlango saa nne. Daladala za kwenda pembezoni mwa mji saa hizo zimekwisha. Dada mmoja alikuwa akipanda bodaboda kwa fedha yake, na usiku mmoja dereva alikata njia isiyo yake. Aliruka akaumia goti. Alikuja kazini kesho yake akasema ameanguka bafuni. Nilikuwa nimemuona anachechemea nikamwambia apake dawa ya misuli.

Niliandika barua kuomba gari, nikajibiwa kwamba hakuna fungu. Jibu halisi alilitoa mgonjwa. Mama mmoja wa kundi la tatu alisikia tunalalamika akasema, "Na sisi je? Mwanangu hunisubiri getini mpaka saa nne hiyo." Tukawauliza wagonjwa wote. Wengi walikuwa tayari kuja alfajiri, hasa wenye vibarua na biashara za sokoni. Tukahamisha kundi la kwanza likawa saa kumi na moja na nusu alfajiri, likishikwa na wauguzi wanaoishi nyumba za hospitali ambao kwa hiari yao walipenda kumaliza mapema. Kundi la tatu likawa linamaliza saa moja na nusu jioni. Saa mbili mlango umefungwa, na daladala zipo. Haikugharimu shilingi. Ilichukua wiki sita za kupanga na ugomvi mmoja na watu wa jikoni juu ya uji wa alfajiri. Tulikuwa tumeishi na ratiba ya kwanza kwa miaka mitatu kwa sababu tu ndiyo tuliyoikuta.

Cha pili kilikuwa kuhamishwahamishwa. Kila Januari hospitali ilikuwa inafanya mabadiliko ya wodi. Mtu amekaa mwaka anajifunza fistula, unamkuta kwenye orodha amepelekwa wodi ya wazazi. Wauguzi wangu walisema hilo lilikuwa linawaambia kwamba walichojifunza hakina uzito kwa mtu yeyote. Na kwenye karatasi ya mshahara kweli hakikuwa nao: huyu ni Afisa Muuguzi, kama Afisa Muuguzi mwingine yeyote.

Nilikwenda kwa matroni nikiwa nimejiandaa kwa vita. Akanipokea, shikamoo, marahaba, akanisikiliza hadi mwisho, kisha akanifungulia kitabu chake. Wodi ya wanaume, usiku, muuguzi mmoja na wagonjwa zaidi ya thelathini. "Wewe una mmoja kwa wanne," akasema. "Wenzako wanawaona ninyi mmependelewa, na mimi ndiye ninayetukanwa." Sikuwa nimewahi kuiangalia kutoka kitini kwake. Nilirudi siku ya pili bila hotuba, tukapatana hivi: waliofundishwa figo wasiguswe Januari; na kwa kuwa Jumapili kitengo hufungwa, kila muuguzi wangu atashika wodi Jumapili moja kwa mwezi. Tena kila mwaka tutapokea wauguzi wawili kutoka wodini wakae nasi miezi mitatu wajifunze. Matroni aliita hiyo kukopeshana. Baadhi ya wangu walinuna kwa ile Jumapili. Lakini wale wawili wa kila mwaka wamekuwa ghala letu: mtu akiugua au akijifungua, kuna mkono wodini unaoijua mashine, na manung'uniko ya kupendelewa yamepungua kwa kuwa sasa wanatuona tunabeba ndoo pamoja nao.

La tatu ndilo lililonipa shida zaidi, na sidhani nimelimaliza. Ni kufiwa.

Muuguzi wa wodi humlaza mtu wiki moja, akapona au akafa, akaja mwingine. Sisi mgonjwa tunaye mara tatu kwa wiki kwa miaka. Unajua mkwe wake yupi hampendi. Unajua anapenda kiti cha dirishani. Asubuhi moja kiti ni kitupu, na kwa kuwa foleni ya wanaosubiri ni ndefu, Jumatano kinakaliwa na mtu mwingine. Dada mmoja aliniambia hawezi kuliita jina la mgonjwa mpya aliyerithi kiti cha mama fulani. Alikuwa akimwita "namba sita". Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilieleza, kwenye toleo jipya la orodha yake ya kimataifa ya magonjwa, kwamba uchovu wa kazini ni hali itokanayo na kazi, si ugonjwa. Nilipolisoma nilifikiria ile "namba sita". Sisi tulikuwa na neno moja tu, "kuchoka", na tiba yake ilikuwa soda baridi na "pole, ndiyo kazi".

Tulianza kufanya mambo madogo. Mgonjwa akifariki, mmoja wetu huenda msibani kwa saa za kazi, si kwa ofu yake, na mfuko wa kitengo hutoa rambirambi. Siku ya pili tunamzungumzia wakati wa chai, hata kwa kumcheka alivyokuwa mkorofi. Mwanzoni niliona kama ni kupoteza muda. Sasa ndicho kitu ambacho wapya hunitajia wakisimulia kitengo chao kwa watu.

Ila kulikuwa na kufiwa kwingine ambako chai haikugusa. Ni pale bima ya mtu inapokatika, au ndugu wameshauza kila walichokuwa nacho, na mgonjwa amekuja na mfuko wake wa plastiki wenye shuka na chupa ya maji, na hapati kikao. Kwa utaratibu tuliourithi, aliyemwambia ni muuguzi wa zamu: binti wa miaka ishirini na sita anamwambia mtu mzima kama baba yake kwamba leo haiwezekani, wote wawili wakijua nini kinakuja wiki ijayo. Kati ya wale sita walioondoka, nilikuja kuongea na wanne kwa simu baadaye, na watatu walinitajia sura ya mgonjwa mmoja mmoja aliyegeuzwa mlangoni. Hawakunitajia mshahara mpaka nilipouliza.

Sikuweza kubadilisha bei, wala bima. Nilichobadilisha ni nani anayebeba maneno yale. Tangu 2020 hakuna muuguzi wa kitengo changu anayemrudisha mgonjwa. Jambo hilo linakuja kwangu na kwa ofisa ustawi wa jamii, kabla ya siku ya kikao kila inapowezekana, na tunakaa na ndugu tukiangalia msamaha, michango, hata kupunguza vikao badala ya kukata kabisa. Wengine tumewaokoa. Wengine hapana. Muuguzi anabaki kuwa yule anayemdunga na kumtania, si yule aliyemfungia mlango. Mimi nimelala vibaya zaidi tangu wakati huo, lakini kuna sababu ya inchaji kupewa kiti cha ofisini chenye magurudumu.

Na fundi wa maji nimsahau? Watu wakizungumza kuhusu kubakiza wataalamu husema madaktari na wauguzi. Kitengo chetu kingefungwa siku ambayo kaka mmoja wa vifaa tiba angezima simu. Alikuwa peke yake, na kwa miaka minne hakuwahi kusafiri Krismasi. Tuliwafundisha wauguzi wawili kupima klorini, kuosha vichujio vya mwanzo na kujua kengele ipi inangoja na ipi haingoji. Desemba iliyofuata alikwenda kwao Bukoba siku kumi. Alipiga simu mara mbili kwa siku, lakini alikwenda.

Kuhusu fedha niseme wazi, maana nisipoisema nitaonekana mhubiri. Pesa inahusika. Kaka mmoja aliondoka kwa mshahara zaidi ya mara mbili, ana wazazi wawili wagonjwa, na mimi ningeondoka pia. Malawi mwaka 2004, ilipokuwa inakaukiwa wahudumu wa afya, serikali na wafadhili walikubaliana kuongeza nyongeza ya asilimia 52 juu ya mishahara ya kada kadhaa; hawakufanya vile kwa sababu hawajui kuhesabu. Nilikuja kusoma pia mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2021 kuhusu kubakiza wahudumu vijijini na maeneo ya mbali. Fedha imo, lakini ni fungu moja kati ya manne. Mengine ni elimu, kanuni, na kumtegemeza mtu katika kazi na maisha yake. Nilicheka peke yangu: mambo yale ya benchi la chai yalikuwa yameandikwa mle kwa lugha ya ofisini.

Kile nilichoweza kufanya kuhusu fedha ni kidogo na cha aibu kukitaja: posho za saa za ziada tulibandika ukutani, nani anadai nini na ya mwezi gani, imelipwa au bado. Deni halikupungua sana. Minong'ono kwamba inchaji anawapa vipenzi vyake ndiyo iliyokufa. Mwaka 2023 mtu alituma kwenye kundi letu la WhatsApp orodha ya Shirika la Afya Duniani ya nchi 55 zenye upungufu mkubwa wa wahudumu, Tanzania ikiwemo, ambako nchi tajiri zinaombwa zisiende kuajiri kwa pupa. Haimkatazi muuguzi kuomba kazi ng'ambo kwa hiari yake. Sista mmoja akaandika chini yake, "Kwa hiyo tumepanda thamani," na kikatuni cha mtu anayecheza.

Mafunzo siku hizi nampeleka anayestahili, hata kama pasipoti yake ninaiona imetuna mfukoni. Nilimpigia simu yule kijana kumwambia alichosema kilikuwa kweli. Alinyamaza kidogo, akauliza kama mzee wa mahindi bado yupo. Nikamwambia alishatangulia. Akauliza nani anakaa pale dirishani sasa.

Leo tuko kumi na mmoja waliofundishwa. Kwa miaka miwili na nusu wameondoka wawili, mmoja akimfuata mumewe Mtwara. Wa pili aliniambia miezi mitano kabla, na miezi hiyo mitano aliitumia kumkabidhi mdogo wake wa kazi mikono ya wagonjwa wake, mshipa kwa mshipa.

Daftari jekundu lilijaa, tuko kwenye la tatu, la bluu. Kalamu nyekundu nimeitupa. Wiki iliyopita nimekuta ombi la sista mmoja, Jumanne, na kwenye safu ya sababu ameandika waziwazi, kwa herufi kubwa: USAILI, HOSPITALI BINAFSI, DAR. Kaunta nzima ilikuwa kimya inanisubiri nilifungue. Nikasaini. Aliyekubali kumshikia zamu alikuwa ameongeza kwa penseli pembeni: "Urudi kabla ya Alhamisi, mashine namba nne ni yako."